Fomu Moja, Mambo Matatu: Tathmini ya Programu ya Afya ya Uzazi katika Shule ya Umma

Karatasi ilinifikia ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya daftari la hisabati la binti yangu mwenye umri wa miaka 13, siku moja kabla ya tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Ilikuwa na aya mbili za maelezo, mstari wa sahihi na visanduku viwili vya kuweka alama: "Ninaridhia" na "Siridhii". Niliweka alama kwenye kisanduku cha kwanza, nikatia sahihi, na kwa muda wa muhula mzima uliofuata nikaifuatilia programu hiyo kwa karibu kadiri mzazi anavyoruhusiwa: nilihudhuria kikao cha wazazi, niliomba kusoma kitabu cha mwalimu, nilizungumza na muuguzi wa shule, na zaidi ya yote nilimsikiliza mwanafunzi mwenyewe, ambaye ndiye mtumiaji halisi wa huduma hii. Naandika kama mtu anayetathmini huduma nyingine yoyote, kwa sababu programu ya afya ya uzazi katika shule ya umma ni huduma: ina watoaji wake na watumiaji wake, hulipiwa kwa kodi, na ubora wake hupimika. Shule siitaji kwa jina, kwa kuwa fomu ile haikubuniwa pale na kasoro zake si za walimu wale peke yao.

Nianze na masomo yenyewe, maana huko ndiko nilikokwenda na wasiwasi mkubwa nikarudi na mdogo. Programu ina vipindi 10, kila kimoja cha dakika 40, na hufundishwa na mwalimu wa sayansi akisaidiwa na muuguzi. Kipimo nilichokitumia ni mwongozo wa UNESCO kuhusu elimu ya jinsia, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2009 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018 kwa ushirikiano na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani. Mwongozo huo si sheria na hauilazimishi nchi yoyote, lakini una faida moja kubwa kwa mzazi: umeyagawa mambo ya kufundishwa kwa rika, kuanzia miaka 5 hadi 8, 9 hadi 12, 12 hadi 15, na 15 hadi 18 na kuendelea, kiasi kwamba mtu anaweza kukaa na kitabu cha shule upande mmoja na mwongozo upande wa pili akaona kama mtoto wake anafundishwa jambo fulani mapema mno, kwa wakati wake, au akiwa amechelewa. Katika shule hii jibu lilikuwa kwamba, kwa sehemu kubwa, wanachelewa. Somo la hedhi na ndoto nyevu lilitolewa kwa wanafunzi wa miaka 13, ambao wengi wao walikwisha kuyapitia mambo hayo peke yao, baadhi yao kwa hofu, bila mtu wa kuwaambia kwamba hawaumwi.

Namna ya kufundisha ilikuwa nzuri kuliko kitabu. Katika kipindi cha njia za kuzuia mimba, mwalimu hakuisifu kondomu kupita kiasi wala hakuibeza. Alieleza kwamba kati ya wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka mzima, karibu 2 hupata mimba endapo inatumiwa kwa usahihi kila mara, lakini kwa jinsi watu wanavyoitumia katika maisha ya kawaida idadi hiyo hufika karibu 13. Kisha akawauliza wanafunzi pengo hilo linatoka wapi, wakalijadili. Alisema pia, bila kuhubiri, kwamba kuacha kabisa kujamiiana ndiyo njia pekee ambayo haina pengo hilo, mradi mtu aishike. Ukurasa wa virusi vya UKIMWI ulikuwa umepitwa na wakati, kwani haukusema lolote kuhusu jambo lililokwisha kuthibitika, kwamba mtu anayetumia dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye vipimo hawezi kumwambukiza mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Muuguzi aliliongeza mwenyewe kwa kuliandika ubaoni. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni sanduku la maswali, yaani boksi la viatu lililotobolewa juu, ambamo kila mwanafunzi analazimika kutumbukiza karatasi mwishoni mwa kipindi, hata kama hana swali, ili asijulikane nani ameuliza na nani hakuuliza. Binti yangu alinisimulia swali moja lililowashangaza wote: je, msichana anaweza kupata mimba kabla hajaona hedhi yake ya kwanza? Jibu sahihi, ambalo nakiri sikuwa nalo, ni kwamba anaweza, kwa sababu yai hupevuka kabla ya damu kutoka, si baada yake. Ukitaka kujua kwa nini mtoto asiachiwe kuokota maarifa haya kwa wenzake na kwenye simu, swali hilo moja linatosha.

Hofu ya wazazi wengi, nami nilikuwa nayo, ni kwamba kumweleza mtoto mambo haya ni kumfungulia mlango. Mapitio ya tafiti ambayo mwongozo wa UNESCO umejengwa juu yake hayakuona kwamba elimu ya namna hii huwafanya vijana waanze kujamiiana mapema zaidi. Kwa upande mwingine, uchunguzi ulioagizwa na Bunge la Marekani na kutolewa mwaka 2007, kuhusu programu nne zilizofundisha kujizuia peke yake, ulikuta kwamba vijana waliopitia programu hizo hawakujizuia zaidi ya wenzao ambao hawakuzipitia. Kwa hiyo, kwa upande wa masomo, sina ugomvi isipokuwa ule wa kuchelewa, na mwingine mdogo: wavulana walitolewa nje wakati wa somo la hedhi, jambo ambalo ni kosa, kwani mvulana asiyeelezwa ndiye atakayemcheka dada yake.

Sasa nije kwenye fomu.

Wiki ya nne binti yangu alirudi nyumbani, akakaa kimya wakati wa chakula, kisha akauliza: "Baba, uliridhia niulizwe kama nimewahi kulala na mtu?" Sikuwa nimeridhia jambo hilo, au angalau sikujua kwamba nimeliridhia. Nilipoirudia nakala ya fomu nikaona kwamba katika aya ya pili, baada ya maelezo ya masomo, palikuwa na maneno "pamoja na shughuli za ufuatiliaji na huduma husika". Shughuli za ufuatiliaji zilikuwa dodoso la kurasa sita lisilo na jina la mjazaji, lililouliza kuhusu mahusiano, ngono, pombe na hali ya nyumbani. Huduma husika zilikuwa ushauri nasaha kwa muuguzi, rufaa ya kwenda kituo cha afya na, kwa wanafunzi wakubwa, kondomu. Mambo matatu yenye asili tofauti kabisa, yaani kufundishwa, kuchunguzwa na kutibiwa, yalifungwa katika kifurushi kimoja chini ya sahihi moja. Mzazi anayetaka mwanawe ajue mwili wake lakini hataki aulizwe mambo ya faragha hana mahali pa kusema hivyo. Akisema ndiyo, amekubali yote. Akisema hapana, mtoto anakosa hata somo la usafi wakati wa hedhi.

Tofauti hii siibuni mimi, kwani mahakama zimeshughulika nayo kwa miaka mingi. Mwaka 1993 mahakama ya rufaa katika jimbo la New York iliamua kwamba kuwagawia wanafunzi kondomu katika shule za jiji hilo ni huduma ya afya wala si somo, na kwa hiyo wazazi walipaswa kushirikishwa kwa ridhaa. Miaka miwili baadaye mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts ilitazama programu inayofanana na hiyo katika mji wa Falmouth ikaamua kinyume: kwa kuwa hakuna mwanafunzi aliyelazimishwa kuchukua kondomu, haki ya mzazi haikuguswa. Mtu anaweza kuegemea upande wowote kati ya hizo mbili. Ninachokiona mimi ni kwamba majaji wote walilitazama suala la huduma kama suala linalojitegemea, wakati fomu ya shule hii inalipitisha kimyakimya chini ya kivuli cha masomo.

Kuhusu dodoso, kesi inayofanana zaidi na yaliyonipata ni ile ya wilaya ya shule ya Palmdale, California. Wazazi walitia sahihi barua iliyoeleza kuwa watoto watajaza dodoso kuhusu athari za kushuhudia ukatili wakiwa wadogo. Haikutaja kwamba baadhi ya maswali yangehusu mambo ya ngono, na watoto wenyewe walikuwa wa umri wa miaka 7 hadi 10. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliwaambia wazazi hao kwamba katiba haiwapi haki ya kuwa wao peke yao wenye kuwapa watoto wao taarifa kuhusu ngono. Kisheria walishindwa. Lakini niliposoma habari ya kesi hiyo, kilichonigusa si hukumu bali ile barua. Kama ingesema ukweli wote, huenda wengi wangekubali, na waliokataa wangekataa wakijua wanachokikataa. Muuguzi wa shule yetu, nilipomweleza hayo, alinijibu kwa unyoofu kwamba dodoso husaidia kupata fedha za programu na kwamba maswali yale hutoka ngazi ya juu. Namwamini. Hata hivyo, faida ya takwimu hizo haimwondolei mtoa huduma wajibu wa kunionyesha swali kabla ya kumuuliza mwanangu.

Baada ya hapo nilitaka kukisoma kitabu cha mwalimu, na huduma hii ilinichosha hapo kuliko mahali pengine popote. Mara ya kwanza niliambiwa kitabu kipo kwa mwalimu na mwalimu yuko darasani. Mara ya pili kilikuwepo, lakini aliyepaswa kukaa nami nikikisoma hakuwepo. Mara ya tatu nilipewa dakika 45 ofisini kwa mwalimu mkuu msaidizi, saa za kazi, bila ruhusa ya kupiga picha kwa sababu ya hakimiliki. Nilisoma haraka kama mtahiniwa. Hakukuwa na chochote cha kuficha! Kilikuwa kitabu cha busara, chenye michoro ya kawaida ya viungo vya mwili na maswali ya majadiliano ambayo mzazi yeyote angeweza kuyatumia nyumbani. Kwa kukifungia kabatini shule ilikuwa imekipa sura ya kitu cha aibu, na uvumi uliokuwa ukizagaa kuhusu yaliyomo ulikuwa mchafu mara kumi kuliko yaliyomo yenyewe. Katika jimbo la California, ambako sheria inayotumika tangu mwaka 2016 inazitaka shule za umma kutoa elimu kamili ya afya ya uzazi, shule zinatakiwa pia kuwaarifu wazazi mapema na kuwaachia wakague vitabu na video zinazotumika. Sidhani kama kuna jambo la bei rahisi zaidi ambalo shule inaweza kulifanya ili iaminiwe.

Kipimo cha yaliyomo nacho kipo, na ni cha zamani kuliko binti yangu na karibu kuliko mimi. Mwaka 1970 Denmark iliiingiza elimu ya jinsia ndani ya masomo ya lazima katika shule zake za umma, na wazazi kadhaa Wakristo wakapeleka shauri lao hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Katika hukumu ya mwaka 1976 mahakama hiyo iliwakatalia, kwa kura sita dhidi ya moja, lakini ikaiwekea serikali mpaka: maarifa yatolewe kwa njia isiyopendelea, inayomwachia mwanafunzi nafasi ya kupima na inayotambua kuwapo kwa mitazamo tofauti, na shule isigeuzwe mahali pa kumtia mtoto itikadi inayopuuza imani za wazazi wake. Nilikisoma kitabu cha shule yetu nikiwa na mpaka huo kichwani, na naona kimebaki ndani yake. Mahali pamoja tu, katika kipindi cha mahusiano, mwandishi ameacha kueleza akaanza kushauri, na mwalimu, kwa mujibu wa binti yangu, alikiruka kipande hicho.

Kikao cha wazazi nitakipitia haraka. Kilidumu saa moja, na sehemu kubwa ya saa hiyo ilitumiwa na watu wawili waliokuwa wakijibizana wao kwa wao, mmoja akisema mtoto ni wa mzazi, mwingine akisema mtoto ni wa taifa. Mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma aliomba nafasi, akasema tu, "Mficha uchi hazai," akakaa. Ukumbi mzima ulicheka, kwa kuwa methali hiyo ilikuwa imepata mahali ambapo maana yake ya wazi na ile ya ndani zilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyeuliza kuhusu dodoso, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa lipo.

Haki inayopigiwa kelele kuliko zote ni ile ya kumwondoa mtoto darasani, na hapa natofautiana na wazazi wenzangu wengi. Haki hiyo ina msingi. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika ibara ya 26, linawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua aina ya elimu ya watoto wao. Mwezi Juni mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliwapa wazazi wa kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, amri ya muda ya kuwaruhusu wawaondoe watoto wao katika masomo yaliyotumia vitabu vya hadithi vyenye wahusika wa mapenzi ya jinsia moja, kwa hoja ya uhuru wa dini. Katika kaunti hiyo mzazi alikuwa tayari na ruhusa ya kumwondoa mtoto kwenye somo la afya. Kilichogombaniwa kilikuwa vitabu vya somo la lugha, ambavyo shule ilikuwa imeacha kuwaarifu wazazi kuvihusu. Hata pale, kama ninavyoisoma kesi hiyo, ugomvi uliwaka pale taarifa ilipozimwa.

Lakini haki ya kuondoa, ikisimama peke yake, ni chombo butu. Katika darasa la binti yangu wanafunzi wawili waliondolewa. Walikaa kwenye benchi la ukumbini nje ya maktaba, bila kazi, wakati wa vipindi vyote 10, na kila aliyepita alijua kwa nini wako pale. Baada ya kengele walikwenda moja kwa moja kwa wenzao kuuliza kilichofundishwa, wakakipata kikiwa kimepotoshwa na kutiwa chumvi. Isitoshe, vipo vipindi ambavyo mzazi hapaswi kabisa kuwa na uwezo wa kuvizuia. Kipindi cha saba kilihusu kuguswa kusikofaa, siri ambazo mtu mzima humlazimisha mtoto azitunze, na mahali pa kuripoti. Mwenye sababu kubwa kuliko wote ya kukataa kipindi hicho anaweza kuwa ndiye mtu ambaye kipindi kinamhusu. Uingereza imelitenganisha jambo hili vizuri: katika shule za England, tangu mwaka 2020, mzazi anaweza kuomba mtoto asihudhurie somo la ngono, lakini si somo la mahusiano wala la afya, na mihula mitatu kabla ya kutimiza miaka 16, mtoto mwenyewe anaweza kuamua kuhudhuria. Wales imekwenda mbali zaidi, kwani mtaala wake mpya ulioanza mwaka 2022 hautoi haki ya kuondoa mtoto kabisa. Mimi ningechagua njia ya England, hasa kwa lile la mihula mitatu, kwa sababu linachukua kwa uzito neno la Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, kwamba mwongozo wa mzazi uende sambamba na kukua kwa uwezo wa mtoto. Fomu yetu haikumpa binti yangu hata mstari mmoja wa kuandika jina lake.

Nisimalize bila kuitaja kazi ya nyumbani ya kipindi cha pili, ambayo ndiyo sehemu ya programu ningeitetea mbele ya yeyote. Mwanafunzi hupewa maswali matatu ya kumuuliza mzazi au mlezi, la kwanza likiwa: nani alikueleza kuhusu balehe, na ulikuwa na umri gani? Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Jibu langu la kweli lilikuwa kwamba hakuna aliyenieleza. Niliandika hivyo, na mazungumzo yaliyofuata kati yangu na binti yangu yalidumu kuliko kipindi chochote cha dakika 40. Kwa hilo programu ilinirudishia nafasi yangu kama mzazi kuliko kisanduku chochote cha ridhaa.

Kwa hiyo, kama ningegawa nyota tano, masomo ningeyapa nne, mwalimu na muuguzi tano, utaratibu wa kukagua vitabu mbili, na fomu moja, tena hiyo moja ni kwa sababu imechapwa kwa herufi zinazosomeka. Mzazi anayeletewa karatasi kama hii nampendekezea asikimbilie kukataa. Aulize kwanza ni mambo mangapi yaliyomo ndani ya neno "programu", aombe kuliona dodoso, na aende kukisoma kitabu hata kama itabidi arudi mara tatu.

Fomu ya mwaka mpya wa masomo imekuja wiki iliyopita, ikiwa ileile neno kwa neno. Sikuweka alama kwenye kisanduku chochote. Pembeni niliandika kwa mkono kwamba masomo naridhia yote. Dodoso nitajibu nikiwa nimeliona. Na kuhusu huduma za muuguzi, aulizwe kwanza binti yangu mwenyewe, ambaye chini ya sahihi yangu alikuwa ametia sahihi yake. Niliipeleka shuleni mimi mwenyewe. Karani aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena, kisha akaniuliza kwa upole kwenye kompyuta ajaze kisanduku kipi.